MASTAA WA BONGO, LIPENI BILI! Sifa za Bure Zinaua Migahawa

Jumamosi moja jioni, upande wa Msasani jijini Dar. Staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, anashuka kwenye gari nyeusi akiwa na watu wake wanne: mpiga picha, mpambe, mshikaji wa kitambo, na mrembo ambaye naye ana wafuasi wake huko Instagram. Wanaingia kwenye mgahawa wa kawaida tu, siyo ile ya vitambaa vyeupe mezani. Mabenchi ya mbao, taa za kuning'inia, menyu ya chaki ukutani: baga, mabawa ya kuku, mishkaki, chipsi masala, juisi ya ukwaju. Jirani yake, ukuta kwa ukuta, kuna kiwanda kidogo cha bia. Matenki ya chuma yanang'aa nyuma ya kioo na bia inatoka bombani moja kwa moja hadi kwenye glasi, mambo ya chupa hakuna.

Siku ya pili, video mbili hewani. Ya kwanza ya mgahawa: "Chakula cha moto, kiwanja kikali, wanangu nendeni mkale!" Ya pili ya kiwanda cha bia. Staa kakunja uso, glasi mkononi: "Hii bia gani inanuka ndizi? Kama mbege ya bibi! Afu elfu kumi nzima!" Wapambe nyuma wanakufa kwa kicheko.

Video zote mbili ni uongo. Na kilichofanya moja iwe ya sifa na nyingine iwe ya matusi siyo ladha. Ni bili.

KILICHOTOKEA MEZANI

Kwa mujibu wa waliokuwepo, mgahawa ulikuwa na makubaliano na staa: aje na mtu mmoja, wale bure, aposti. Akaja na wanne. Chakula kilipofika hakikuguswa kwa karibu dakika arobaini. Kilipigwa picha. Baga ikainuliwa, ikazungushwa, ikawekwa karibu na taa, ikarudishwa, ikapigwa tena kwa juu. Chipsi zikapoa, jibini ikaganda kama gundi. Ndipo mpambe akamwita mhudumu na kulalamika kwamba chakula cha baridi. Zikaja sahani nyingine. Zikaja na mishkaki ambayo haikuwa kwenye makubaliano, na juisi, na mabawa mengine ya kufungiwa waende nayo nyumbani.

Sehemu ambayo haikuwa ya bure ilifika laki mbili na elfu kumi na nne. Dada wa huduma akapeleka bili kwa adabu zote, "Shikamoo kaka, samahani." Akajibiwa, "Bosi wako anajua." Wakasimama, wakahamia jirani.

Bosi hakuwa anajua. Bosi alikuwa anajua watu wawili tu. Na bosi naye, badala ya kumpigia staa simu kama mwanaume mwenzake, akamgeukia dada wa huduma: "Meza ilikuwa yako." Mshahara wa yule dada kwa mwezi haufiki hata mara mbili ya bili hiyo. Anakaa mbali, anaamka saa kumi na moja alfajiri kugombania daladala, ana mtoto anasoma chekechea. Yeye ndo kalipia mabawa ya kuku ya staa.

Huko jirani mambo yakawa tofauti. Kwenye kile kiwanda kila mgeni anaonjeshwa, glasi ndogo ndogo nne juu ya ubao, kila moja ina aina yake ya bia, bure, awe staa awe mwendesha bodaboda. Ukipenda unaagiza kubwa na unalipa. Meza ya staa ikaagiza kubwa tisa. Elfu tisini. Bili ilipofika mpambe akasema, "Weka kwenye tangazo, kesho tunakuposti." Kijana anayepika hiyo bia, mikono bado ina maji ya kuoshea matenki, akacheka kidogo akasema, "Kaka, hapa kila mtu analipa. Hata mama yangu akija analipa."

Walilipa. Kwa kununa, lakini walilipa. Ndo ikazaliwa ile video ya ndizi.

Kwa hiyo mdau, uliyeangalia zile video ukadhani unaangalia mtu akionja, ulikuwa unaangalia mtu akilipa fadhila upande mmoja na kulipa kisasi upande wa pili. Ulimi haukuhusika kabisa.

HIYO HARUFU YA NDIZI NI YA NINI?

Tuje kwenye bia yenyewe, maana kama staa angeuliza swali moja tu pale kaunta asingejidhalilisha.

Bia inatengenezwa kwa vitu vinne: maji, kimea, hopsi na hamira. Kimea ni nafaka, mara nyingi shayiri, iliyolowekwa ikaanza kuchipua halafu ikakaushwa. Hopsi ni maua yanayoleta uchungu na harufu. Hamira inakula sukari ya kimea na kutoa kilevi na gesi. Sasa ile bia aliyoikunjia uso ni ya ngano, ya mtindo wa kusini mwa Ujerumani. Hamira ya bia hiyo ndiyo inayotoa harufu ya ndizi na ya karafuu yenyewe, wakati inachacha. Hakuna ndizi hata moja iliyomenywa. Mpishi akitengeneza bia ya ngano ya mtindo huo ikakosa kabisa harufu hizo, Wajerumani watamuuliza kulikoni. Na ule ukungu kwenye glasi siyo uchafu, ni protini ya ngano na hamira iliyobaki. Yaani staa alipewa bia iliyopikwa sawasawa, akaitangaza kuwa imeharibika.

Kutojua siyo kosa. Tangu Tanganyika Breweries ianze hapa Dar mwaka 1933, watu wamezoeshwa bia ya aina moja: ya njano, angavu, inanywewa ikiwa baridi mpaka ganzi. Kwa hiyo ya ukungu inashtua, hilo linaeleweka. Kosa ni kutojua halafu ukashika kipaza sauti.

Na elfu kumi je? Ni pesa nyingi, tusidanganyane. Kwa pesa hiyo mtu anakunywa bia za kawaida zaidi ya moja kwenye baa ya mtaani na anabakiza nauli. Mteja ana haki ya kusema "kwangu hapana". Lakini aseme akijua anachokikataa. Kiwanda kikubwa kinapika maelfu kwa maelfu ya lita kwa mkupuo mmoja, gharama inagawanyika mpaka inakuwa kama hakuna. Kijana mwenye matenki manne anapika kidogo, hopsi anaagiza nje ya nchi, umeme wa kupooza matenki hauzimwi usiku wala mchana, na serikali inasubiri ushuru wake na VAT ya asilimia 18. Mengine ni faida, ndiyo, ni biashara siyo sadaka. Sema bei ni kubwa, sawa. Usiseme bia mbovu kwa sababu bei imekuuma.

"KAMA MBEGE YA BIBI"

Hapa ndo pa kukaa vizuri. Huyu staa kila Desemba anaposti picha akiwa Moshi, mgombani, kamkumbatia bibi yake, maneno ya chini "nyumbani ni nyumbani". Halafu mbele ya wapambe wake wa mjini, neno la kutukania bia likawa mbege ya bibi!

Hivi anajua mbege inavyopikwa? Ndizi zilizoiva zinachemshwa kwa masaa, zinaachwa zichache kwa siku kadhaa. Ulezi unaoteshwa, unakaushwa, unasagwa, unapikwa uji. Vinachanganywa. Uchungu unatokana na magamba ya mti wa msesewe, na anayepima msesewe lazima awe anajua kazi, ukizidisha umeharibu pombe yote. Ukiangalia vizuri, ulezi uliooteshwa ni kimea, na msesewe unafanya kazi ileile ya hopsi. Bibi zake na huyo staa walikuwa wanapika bia ya mkono kabla hajazaliwa mtu wa kuiita bia ya mkono. Posa, harusi, msiba, kikao cha ukoo cha kusuluhisha mashamba, hakuna kilichokamilika bila hiyo mbege.

Na siyo Wachagga peke yao. Iringa na Njombe wanagema ulanzi kwenye mianzi msimu wa mvua. Kagera wana rubisi yao ya ndizi. Pwani kuna mnazi. Kila mmoja na fundi wake, na kila fundi anajulikana mtaani kwa jina. Kwenye vilabu vingi vya pombe za kienyeji mama muuzaji anaonja mwenyewe kwanza mbele ya mteja, ndipo anakupa. Ana maana gani? Ana maana kwamba anasimama na alichokipika. Mastaa wetu hawasimami na chochote. Wanameza picha, wanatema maneno.

Kwa hiyo kama ile bia ilimkumbusha mbege ya bibi, hiyo ilikuwa sifa. Yeye akaigeuza tusi, na aliyetukanwa siyo kijana wa kiwandani tu. Hata bibi yumo.

NANI KAUMIA?

Wa kwanza ni mashabiki. Fundi simu mmoja wa Kariakoo na mchumba wake waliona video ya mgahawa, wakajipanga wiki tatu, wakaenda siku ya kumbukumbu yao. Walikaa saa nzima na ushee bila chakula. Baga ilifika katikati mbichi, chipsi za baridi, na safari hii hazikupozwa na kamera, zilitoka jikoni hivyo hivyo. Alipolalamika akajibiwa, "Mbona wenzako wanasifia?" Akalipa elfu sitini na nane akatoka na njaa. Wakamalizia kwa chipsi mayai za elfu tatu pale kituoni, na kwa mujibu wake ndo kitu pekee kitamu walichokula siku hiyo.

Wahenga walishasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na huyo wa wahenga alisifiwa na watu walioonja kwelikweli! Je, anayesifiwa na mtu ambaye hakutafuna? Jiko la mgahawa ule lilikuwa na tatizo, kila anayelipa analiona. Lakini mwenye mgahawa ana video ya staa mfukoni, atarekebisha nini? Atampenda nani zaidi, anayemwambia ukweli au aliyemwambia kiwanja kikali?

Wa pili ni yule kijana wa bia. Baada ya video wakaanza kuja watu wa kupiga picha tu, "hii ndo ile ya ndizi?" wanacheka, wanaondoka. Kuna meza ya sherehe ya watu ishirini ilikuwa imeshawekwa, ikafutwa. Bia ya namna ile haikuchujwa wala haikuchemshwa ili ikae miezi kwenye kreti. Isiponyweka kwa wakati inamwagwa. Akaimwaga. Aliyekuwa kwenye haki ndiye aliyepata hasara, na aliyehonga kwa mabawa ndiye aliyejaza meza. Hii ndo somo wanalofundishwa vijana wanaotaka kufungua biashara mjini hapa: usipike vizuri, jipange na mastaa.

Wa tatu ni dada wa huduma. Na hapa bosi wake asikilize vizuri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kufidia hasara kwa kujisikia tu. Lazima hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi ni nini na ni kiasi gani, apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara. Sasa kosa la yule dada ni lipi? Kumhudumia mgeni aliyealikwa na bosi? Alitakiwa amkabe staa mlangoni? Wadada na wakaka wa mahotelini mnaosoma hapa, kitu hicho kiandikeni mahali. Meza kuwa "yako" siyo kosa.

UTETEZI WAO

Kuna watakaosema staa analeta wateja, kwa hiyo chakula cha bure ni malipo yake, ni kazi kama kazi nyingine. Sawa kabisa! Matangazo ni kazi halali, wasanii wana familia, na siku hizi shoo siyo kila wiki. Mtu akilipwa kwa pesa au kwa mishkaki atangaze, hakuna anayemzuia. Lakini aandike pale juu: TANGAZO. Neno moja, herufi saba. Mbona akitangaza soda au mtandao wa simu kila mtu anajua ni tangazo na hakuna ugomvi? Shida ni tangazo linalovaa nguo za ushuhuda, "wanangu nimeonja", wakati hajaonja.

Wengine watasema, "Bili ndogo hiyo, staa hawezi kuishindwa, ni kusahau tu." Haswa. Kama ni ndogo, ilipwe. Laki mbili kwa aliyeshuka kwenye gari ile ni hela ya mafuta. Kwa aliyekatwa ni kodi ya chumba. Mtu anayeimba kila siku kuhusu maisha ya uswazi alikotoka, kuhusu mama aliyeuza vitumbua, anajua kabisa kumdhulumu mtu wa kipato cha chini kunaumaje. Au alishasahau na hilo?

ANAYEONJA NA ALIPE

Wapo wanaofanya vizuri. Mtangazaji mmoja wa redio, mwanamke, jina kapuni pia, naye alipita kwenye sehemu hizohizo mbili. Hakupiga simu kwamba anakuja. Alikaa benchi la pembeni, akala chakula kikiwa cha moto, picha akapiga moja. Akaenda tena siku ya katikati ya wiki, maana Jumamosi kila jiko linazidiwa na siyo haki kulihukumu siku moja. Akaandika: mishkaki mizuri, baga haijaiva, kusubiri ni dakika hamsini, choo safi, bei hizi hapa. Ya jirani akaandika: ya ngano haikunipendeza, tamu mno kwangu, lakini ile nyeusi ni moto wa kuotea mbali, elfu kumi inauma ila unajua imekwenda wapi. Akaondoka kwa gari la kukodi kwa sababu alikuwa amekunywa. Wakati analipa alidai na risiti, kama TRA wanavyoimba kila siku, ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti.

Hakupata mamilioni ya kutazamwa. Lakini mwenye mgahawa akisoma pale anajua cha kurekebisha, kijana wa bia anajua cha kuboresha, na fundi simu wa Kariakoo anajua aagize nini. Hakuna aliyetukanwa na hakuna dada aliyekatwa mshahara.

Tofauti yake na staa siyo elimu ya bia wala ulimi wa dhahabu. Ni kwamba alilipa. Pesa ikitoka mfukoni mwako, ulimi unaamka wenyewe, unajiuliza kama kilichoingia kinalingana na kilichotoka. Ya bure haina swali hilo. Ndiyo maana mtu asiyelipa hawezi kuonja kwa niaba ya wanaolipa, hata awe na wafuasi milioni kumi.

Kwa hiyo, staa wa gari nyeusi, ujumbe umekufikia na unajijua. Rudi pale mgahawani, siyo na kamera. Muulize yule dada alikatwa kiasi gani, mrudishie na ya juu kidogo kwa usumbufu. Halafu vuka ukuta, agiza glasi moja ya ile ya ngano, inywe taratibu mpaka chini. Ikikushinda, sema imekushinda, ni haki yako. Ikikukumbusha bibi, mpigie simu umwambie, atafurahi.

Na ukimaliza, lipa.

Wadau, mnasemaje? Staa alipe au mashabiki tuendelee kuwabebea mabango? Na nyie wahudumu mliowahi kukatwa hela za meza za wakubwa, shusheni hapo chini, majina ya watu wekeni kapuni.